Mbao za Kibaraza na Posa ya Shangazi Tatu

Juzi jirani yangu alikuwa akipaka nguzo za uzio wake oili chafu, ile inayomwagwa kutoka kwenye injini ikishachoka, na upepo ukaniletea harufu yake nikiwa nachambua mchicha. Nikauacha mchicha. Wenzangu wa rika langu mnajua jinsi harufu inavyomkamata mtu bila kumwomba ruhusa. Hiyo ya oili chafu hunirudisha Mpanda, kwenye nyumba yetu ya mbao na mabati karibu na mgodi wa madini ya risasi, na kwa Shangazi Tatu, ambaye siku hizi hayupo tena wa kumuuliza nikisahau kitu. Kwa hiyo nitaeleza ninavyokumbuka mimi.

Baba yangu alikuwa mtunza stoo wa mgodi. Nyumba tuliyokaa ilijengwa kwa ajili ya fundi mmoja wa Kizungu, ikainuliwa juu ya visiki ili mchwa na nyoka wasiingie. Nyoka hawakuingia. Mchwa waliingia, wakapapenda, wakaita na jamaa zao. Yule Mzungu akahama, Wazungu wenzake wakaikataa, ndipo ikaonekana inamfaa mtu mweusi mwenye cheo kidogo. Baba aliipokea kama zawadi. Mbele ilikuwa na kibaraza cha mbao ambacho hapana nyumba nyingine ya Mwafrika iliyokuwa nacho, na jioni Baba alikuwa akikaa hapo na redio ambayo haikushika stesheni yoyote, ili mradi apitaye njiani amwone.

Sisi ni Wakonongo, kwetu hasa ni Inyonga. Ndani ya nyumba tulisema Kikonongo, na Kiswahili nilikuwa nakiokota nje, neno moja moja, kama kuku aokotavyo mtama. Mengine niliyaokota vibaya. Kwa muda mrefu, kwa mfano, niliamini kuwa mgodini wanachimba risasi za bunduki zikiwa tayari zimeiva, na kila king'ora kilipolia nilijificha chini ya kitanda zisije zikafyatuka. Nawaambieni hili mapema ili msinione mjinga kupita kiasi kwa yatakayofuata.

Shangazi Tatu alikuwa mdogo wa Baba, kitinda mimba wa Bibi. Baba yao alikufa Tatu akiwa hajaota meno, kwa hiyo Baba ndiye aliyemlea, na akamchukua Mpanda pamoja na Bibi alipopata kazi. Mimi na Shangazi tulilala mkeka mmoja. Alikuwa mrefu, mwenye kucheka kwa pua, na alikuwa na uwezo wa kumwiga mtu yeyote aliyepita kibarazani, akiwemo bwana mkubwa wa mgodi. Wachumba wawili walishakuja. Wa kwanza Bibi alimkataa kwa sababu alikula haraka. Wa pili alijikataa mwenyewe baada ya kumsikia Shangazi akimwiga. Kwa hiyo habari ilipokuja kwamba kuna kijana wa Ikola, kule ziwani, dereva wa lori la samaki wakavu, aitwaye Issa, na kwamba wazee wake watakuja kuposa baada ya sala ya Ijumaa, nyumba nzima ilishika adabu.

Baba akakitazama kibaraza, labda kwa mara ya kwanza tangu tuhamie. Mbao zilikuwa zimeoza vibaya. Sisi wenyeji tulijua pa kukanyaga: Mama aliingia kwa kuruka upande wa kushoto, Bibi aliambaa ukutani, na mimi nilipita popote kwa kuwa sikuwa na uzito wa kuhesabika. Lakini mgeni asingejua. Mama akashauri aitwe seremala wa mgodini. Baba akasema kupigilia msumari hakuhitaji seremala, kunahitaji nyundo na akili, na vyote viwili vimo humu ndani. Mama akauliza nyundo iko wapi.

Basi Baba akaanza kupima mbao, na mimi nikamfuata nyuma. Alikuwa na msumari mrefu. Akiinama aliuchoma kwenye ubao, ukigoma kuingia, alisema kwa Kiswahili chake cha kazini, "Huu mzima." Ukizama kama kwenye ugali, alisema, "Huu umeoza." Umeoza, mzima, umeoza, umeoza. Nilipenda sana neno hilo. Nikamuuliza kitu kilichooza kinafanywaje, akanijibu kuwa kilichooza hakina dawa: kinang'olewa, kinatupwa uani, kinachomwa moto. Nikamuuliza kinaozeshwa na nini. Akasema na maji. Na je, kinazuiwaje kisioze? Akafurahi kuulizwa maswali ya kitaalamu, akanionyesha debe la oili chafu alilopewa na gereji ya mgodi. Ukipaka hii, alisema, hakiozi kitu.

Alasiri ileile alikuja jirani yetu, mama mmoja wa Kimanyema. Yeye na Bibi hawakuwa na lugha nyingine ya kuelewana ila Kiswahili, kwa hiyo Bibi aliyekuwa hapendi kukisema alikisema siku hiyo. Nami nikasikia kwa masikio yangu, Bibi akisema kwa furaha kabisa, huku akipepeta mchele wa kutoka kijiji cha Mamba, kwamba Mungu akipenda mvua haitanyesha kabla hawajamwoza Tatu.

Kumwoza, kama mbao za kibaraza! Yule Mmanyema, badala ya kulia, alipiga kigelegele kidogo, akasema ni jambo la heri, msichana akikaa sana nyumbani bila kuozwa watu wanasema. Bibi akakubali, akaongeza kuwa hata yeye mwenyewe aliozwa mapema zaidi. Nikamtazama Bibi, mikunjo yake yote, nikaona kweli.

Sasa ningemwambia nani? Watu wazima wote walikuwa wamekula njama, na walikuwa wakicheka. Ikabaki kazi yangu. Usiku huo, kabla hatujalala, nilimwambia Shangazi nimeona siafu bafuni, asiende kuoga. Kesho yake nilimwaga maji yake ya kuogea, nikasema ni mbuzi. Alipotoka kwenda kisimani nilimkumbatia miguu, nikakataa kumwachia mpaka Mama aliponitoa kwa nguvu, akidhani nina minyoo, akaninywesha dawa chungu ambayo niliinywa kishujaa.

Wakati huo Baba naye alikuwa na mashaka yake. Kwa haraka ya kazi alikuwa ameng'oa mbao zote, nzima na zilizooza, kabla mpya hazijafika. Wapasuaji wa mbao wa porini huko Litapunga walikuwa wamemwahidi mninga uliokauka, lakini baiskeli zao zilipata pancha, au walisema zilipata. Kwa hiyo nyumba yetu ikawa haina mbele. Kutoka mlangoni hadi chini palikuwa na kimo cha mtu, na katikati mihimili mitupu. Mlango wa nyuma nao ngazi yake ililiwa na mchwa zamani, ukitoka uliruka tu. Mama alipitishia chakula dirishani. Bibi, ambaye magoti yake hayakuruhusu kuruka wala kushuka, alifungiwa ndani na hali hiyo, akawa anakaa mlangoni kwenye kigoda kama mfungwa wa heshima, akimwelekeza Baba kwa fimbo. Chini ya kibaraza kulionekana kijiko, kiatu kimoja cha yule Mzungu, na kuku wetu aliyedhaniwa ameibwa, amekalia mayai na kututazama kwa hasira.

Mbao zilifika Jumatano. Zilikuwa za mninga kweli, nyekundu na nzuri, ila zilikuwa mbichi hata ukizigonga zilitoa machozi. Tena hazikulingana unene. Bibi alisema kwa Kikonongo maneno ambayo sitayaandika. Baba akasema zitakaukia hapohapo zikishapigiliwa. Alipigilia mchana kutwa, msumari mmoja kwenye ubao na mwingine kwenye kidole, na alipomaliza tulikuwa na kibaraza kipya chenye mawimbi. Ukikitembea ulipanda na kushuka kama uliyepanda punda. Lakini hakuna palipobonyea. Mama alikipita mara mbili, akasema hakijambo. Ilikuwa sifa kubwa kutoka kwake.

Alhamisi Baba alikipaka oili chafu. Alipaka mara ya kwanza, akaona mbao zinang'aa, akapaka ya pili. Mama akamuuliza kama itakauka. Baba akasema itanywewa.

Na hapo mimi nikapata ufunuo. Shangazi alikuwa amelala ndani mchana, amechoka kwa kutwanga. Nikachota oili kwenye kifuu. Kwanza nikampima, kama nilivyofundishwa: nikachukua msumari wa Baba, nikamgusa nao kisigino, taratibu, kisha shavu la mguu, kisha mkono. Haukuzama popote. Alijikuna tu. Niliona raha isiyo kifani: Shangazi alikuwa mzima. Ilibaki kumkinga. Nikaanza na nyayo, nikapanda, na nilikuwa nimefika magotini, kazi safi, bila kuruka mahali, alipofumbua macho.

Hakupiga kelele. Alitazama miguu yake, akanitazama mimi na kifuu changu, akauliza kwa sauti ya chini ninafanya nini.

Nikaanza kulia. Nikamwambia, kwa neno lilelile la Kiswahili, "Sitaki wakuoze."

Nilitegemea kofi, au kile kicheko chake cha puani. Badala yake alinivuta akanikalisha kwenye mapaja yake, juu ya ile oili, na kanga yake ikaharibika nayo.

"Hata mimi sijui kama nataka," alisema. "Sijamwona hata sura. Wameniambia tu ana lori."

Nilimshangaa. Nani anayetaka kuoza? Na lori lilihusikaje? Lakini alikuwa ameniamini, nami sikutaka kuonekana sielewi, nikaitikia kwa kichwa kama mtu mzima. Tukakaa hivyo, yeye akiwazia lake na mimi langu, tukidhani tunaliwaza lilelile. Kisha Mama akaingia akatuona, na hapo kelele zikapigwa.

Ijumaa walifika wazee watatu wamevaa kanzu nyeupe kama maziwa. Mkubwa wao alikuwa Mzee Kasimu, mjomba wa Issa aliyemlea, mtu mnene wa uso mkavu, asiyecheka, anayesalimia kama anayedai. Lori lilikuwa limeegeshwa mbali kidogo, chini ya mti, na ndani yake alibaki Issa mwenyewe, kwa kuwa mila haikumruhusu kuonekana. Baba alitaka wageni waketi kibarazani ili wakione. Mama alikuwa amegusa mbao asubuhi, akatazama kidole chake, akamtazama Baba. Baba akatandika mikeka. Mikeka ilikuwa miwili, wazee walikuwa watatu, na mikeka ya ukili, kama mnavyojua, ina matundu.

Waliketi. Waliegemea ukuta, ambao Baba, kwa kuwa oili ilibaki, alikuwa ameupaka pia. Kahawa ikaletwa. Zikasemwa habari za njia, za mvua, za samaki. Mimi nilikaa kizingitini, karibu na goti la Bibi. Shangazi alikuwa chumbani nyuma ya pazia, miguu ikiwa imesuguliwa kwa mchanga mpaka imekuwa myekundu. Kisha Mzee Kasimu akakohoa, akasema kwa sauti ya msikitini kwamba hawakuja kutembea, wamekuja kuomba wenye nyumba hii wawaoze binti yao, Tatu.

Watu wakakaa kimya, kama inavyotakiwa. Baba akavuta pumzi ya kujibu. Lakini mimi niliona hapana wa kumtetea, nikasimama.

"Hajaoza," nikasema. "Nimempima kwa msumari. Ni mzima mwili mzima, hata kisigino, na nimempaka oili."

Bibi alinishika sketi, lakini nilikuwa nimeshamaliza. Baba alifumba macho. Nikaona kidevu cha Mzee Kasimu kinatetemeka, nikadhani amekasirika. Kumbe kilikuwa kinajaribu jambo ambalo hakikulizoea. Ilianza kama chafya, ikawa kikohozi, halafu yule mzee mkavu akacheka, akacheka hata kofia ikamdondoka, akawa anajipiga mapajani na kurudia, "Amempima! Amempima!" Wenzake wakacheka kwa ruhusa yake. Nyuma ya pazia nilisikia mtu anacheka kwa pua.

Mzee Kasimu akainuka kuiokota kofia, na alipotugeuzia mgongo kicheko kikatukauka. Kutoka mabegani hadi kwenye visigino alikuwa na mistari myeusi iliyonyooka, ubao kwa ubao. Wenzake waliinuka kumsaidia, nao wakawa vivyo hivyo. Walikuwa punda milia watatu.

Mama ndiye aliyeokoa siku. Hakumwambia Baba neno, na Baba alishukuru, maana alijua neno lenyewe. Aliwaingiza wageni ndani, akawaomba kanzu zao. Oili haitoki kwa sabuni, alisema, inataka petroli. Wakati watu wakitafuta wa kutumwa kwenye lori, Shangazi Tatu alishatoka mlango wa nyuma na bakuli, amejitanda kanga hadi usoni. Hakuna aliyemtuma. Mimi nilimfuata, kwa kuwa bado nilikuwa mlinzi wake.

Issa alituona tukija. Alifungua mlango wa lori upande wa pili, na tulipofika hapakuwa na mtu. Zilionekana nyayo mbili tu, zimechomoza chini ya lori, katikati ya magurudumu.

Shangazi akasimama karibu nazo. "Wewe ndiye Issa?"

"Ndimi," nyayo zilijibu. "Lakini sikutakiwa nionekane."

"Sijakuona. Naona miguu. Naomba petroli, wazee wako wamekalia oili chafu."

Mara kule chini kikalipuka kicheko, kikafuatiwa na kishindo cha kichwa kugonga chuma. Shangazi akamuuliza kwa nini anawacheka wazee wake. Akajibu kwamba Mzee Kasimu amemlea kwa haki na hajawahi kumpiga bure, lakini tangu utotoni alikuwa akimwomba Mungu amwonyeshe siku moja kanzu ile imechafuka. Kisha akaeleza kwa adabu kuwa galoni iko nyuma ya kiti, mtoto apande aichukue.

Nilipanda nikaichukua. Shangazi alimimina petroli kwenye bakuli, ikajaa, lakini hakuondoka.

"Ukinioa nitakaa wapi?" aliuliza.

"Ikola. Nyumba iko karibu na maji. Usiku utasikia mawimbi."

"Ina sakafu ya nini?"

Issa alisita, sauti yake ikawa na aibu kidogo. "Ya udongo tu. Udongo mtupu."

"Alhamdulillahi," alisema Shangazi.

Tuliporudi, alikuwa akitembea kwa mwendo ambao sikuwahi kumwona nao, wala hakuwa akimwiga mtu. Kanzu zilifuliwa zikaanikwa. Wazee walikaa sebuleni wamejifunga walichopewa: wawili suruali za kazi za Baba, na Mzee Kasimu, kwa kuwa ni mnene, kanga ya Bibi. Mimi sikujua kusoma. Baba alijua, na aliniambia miaka mingi baadaye kuwa mgongoni mwa mzee yule palikuwa pameandikwa MKE MWENZA HUNIWEZI, na kwamba kujadili mahari huku akiyakwepa maneno yale ndiyo kazi ngumu kuliko zote alizowahi kufanya. Lakini haikuwa ndefu. Mtu aliyevaa kanga ya mwenye nyumba hana ubavu wa kubishana. Mambo ambayo Bibi alitabiri yatachukua siku nzima yaliisha kahawa ikiwa bado moto, na Shangazi alipoulizwa kama anaridhia, alijibu kabla swali halijaisha, mpaka Bibi akaona haya.

Jioni hiyo Mama alinieleza kwamba kuna kuoza na kuoza, na kwamba Shangazi hatachomwa moto wala kutupwa uani. Nililala vizuri sana.

Hakuna aliyenieleza lililobaki. Siku ya harusi nilikula pilau mpaka nikashindwa kuinama. Shekhe aliposema lile neno la kuoza, mimi ndiye niliyepiga kelele ya furaha kuliko wote. Halafu likaja lori lililopambwa matawi, sanduku la Shangazi likapakiwa, na mto wetu wa kulalia ukapakiwa. Alinikumbatia, akapanda mbele, na vumbi la njia ya ziwani likafunga nyuma yao. Ndipo nilipoelewa kuozwa maana yake nini. Laiti wangeniambia mapema, siku ile ya posa ningewaambia wazee wale kwamba ameoza kuanzia unyayo hadi utosi.

Nilikaa kibarazani nikalia. Baba akaja akakaa kando yangu, na suruali yake nzuri, pasipo mkeka. Macho yake yalikuwa mekundu, akasema ni vumbi. Tulitazama njia mpaka haikuonekana.

"Nyumba imekuwa kubwa ghafla," akasema.

Kutoka ndani, katika giza lililoanza kuingia, nilimsikia Mama akipenga kamasi.

"Sawa," alisema. "Lakini usije ukachukua nyundo ukaanza kuipunguza."